Kiatu Kilichokatwa Kwenye Filamu ya Sungura Roger

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyotoka katika toleo lenu la mwisho wa juma lililopita, ambamo mwandishi wenu alisema kwamba katuni inayochanganya vichekesho na vitisho ni katuni iliyopotea njia. Mfano wake ulikuwa filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, filamu ileile ambayo siku chache kabla ratiba yenu ya vipindi vya televisheni ilikuwa imeitambulisha kuwa ni "katuni ya watoto". Mimi ni mwalimu mstaafu wa uchoraji. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi tangu ilipotufikia hapa Tanga kwenye kanda za video, na naamini kwamba ratiba na makala hiyo zimezaliwa na kosa moja, nalo ni kudhani kwamba kila kilichochorwa kikatembea ni cha watoto, na kwamba kikitisha basi kimekosea.

Nianze na lililotokea sebuleni kwangu. Jumapili asubuhi kituo kimoja cha televisheni, ambacho sitakitaja, kiliionyesha filamu hiyo katika saa za vipindi vya watoto. Nilikuwa nimeketi na mjukuu wangu wa miaka tisa, na kwa kuwa naijua filamu hiyo vyema, nilikuwa nikilingoja tukio moja ambalo kwangu ndilo mlango wa hadithi nzima, huku nimejiandaa kumshika mkono litakapofika. Halikufika. Jaji Doom aliingia na koti lake jeusi, akasema maneno machache, kisha picha ikaruka tukajikuta mahali pengine kabisa. Karibu na mwisho wa filamu, pale ambapo jaji huyo anafunuliwa ni nani hasa, picha iliruka tena. Filamu ilipokwisha, mtoto akaniuliza, "Bibi, kwani yule mzee amefanya nini hata wote wanamkimbia?" Nililazimika kumsimulia kwa mdomo kile ambacho watu walifanya kazi ya miaka ili akione kwa macho.

Kwa wasioijua, hadithi yenyewe ni hii. Mwaka ni 1947, mji ni Los Angeles, na katika mji huo vibonzo wa katuni ni viumbe hai wanaofanya kazi studio kama waigizaji wengine, jioni wakirudi kwao katika kitongoji chao cha Toontown. Mpelelezi wa kujitegemea anayeitwa Eddie Valiant, aliyeigizwa na Bob Hoskins, amekuwa mlevi tangu kibonzo mmoja alipomdondoshea kaka yake piano kichwani akamuua. Sungura Roger, kibonzo mchekeshaji, anabambikiwa kesi ya mauaji ya tajiri Marvin Acme, na anakimbilia kwa Eddie, mtu ambaye ana kila sababu ya kuwachukia vibonzo. Anayemsaka Roger ni Jaji Doom, aliyeigizwa na Christopher Lloyd, ambaye amegundua jambo ambalo kila mtu aliliona kuwa haliwezekani, yaani namna ya kumuua kibonzo.

Kibonzo hafi kwa piano wala kwa risasi. Akipigwa nyundo anavimba nundu, kisha nundu hiyo inarudi chini. Lakini jaji amechanganya tapentaini, asetoni na benzeni katika pipa moja. Fundi rangi yeyote anazijua dawa za namna hiyo, kwa sababu ndizo huyeyusha na kufuta rangi. Waliotunga filamu hii walijiuliza kiumbe aliyeumbwa kwa wino na rangi anaweza kuogopa nini, wakalipata jibu kwenye rafu za karakana yao wenyewe. Sijaona wazo lililo sahihi zaidi ya hilo katika filamu yoyote ya ndoto na miujiza. Ili kuonyesha kwamba mchanganyiko huo unafanya kazi, jaji anamwokota kiatu kimoja kidogo, kibonzo asiye na hatia ambaye alikuwa akijisugua miguuni pake kama paka, na kumtumbukiza polepole huku kiatu kikilia. Tukio hilo ni fupi mno, nalo ndilo lililokatwa.

Mwandishi wenu aliliita "ukatili usio na kazi", na hapo ndipo tunapoachana. Kabla ya kiatu kile tumekwisha kumwona Roger akiangukiwa na friji kichwani, na tumecheka, maana tunajua hataumia. Baada ya kiatu kile, kila kichekesho kinabadilika. Roger anapotoa kelele za furaha mahali ambapo anapaswa kujificha, tunacheka huku tukitamani anyamaze. Anapokunywa pombe na kulipuka kama birika, tunacheka huku tukiangalia mlango. Ukimwondoa mtazamaji kiatu kile, umemwachia sungura anayepiga kelele tu, na mzee mwenye koti jeusi ambaye haeleweki anatisha kwa lipi. Ndiyo maana mjukuu wangu aliuliza alichouliza. Aliyekata alidhani anamlinda mtoto, kumbe alimnyima maana ya kicheko chake mwenyewe.

Nashangaa zaidi kwamba hoja hiyo imeandikwa katika gazeti la Kiswahili, kwa wasomaji waliolelewa na ngano. Bibi yangu alitusimulia habari za msichana aliyesahau kombe lake zuri pwani, akarudi peke yake kulichukua, zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini likimlazimisha aimbe kila ngoma ilipopigwa. Tulikuwa tukicheka zimwi lilipocheza kwa maringo na kujaziwa vyakula kwa ngoma ambayo halikuwa limeiwamba kwa haki, na katika kicheko hichohicho tulikuwa tukijikunyata, kwa sababu tulijua sauti ile ilikuwa ya nani. Wazazi walipoitambua sauti ya binti yao, wakamtoa usiku na kujaza ngoma nyuki na nyoka, tulipiga vigelegele. Hakuna aliyemwambia bibi aondoe zimwi ili hadithi ifae kwa watoto. Sungura wetu naye, huyu tunayemwita mjanja, ametoka katika ngano ambazo Fisi anapigwa, anachomwa na kuachwa na njaa, na watoto wanavunjika mbavu. Kicheko chenye hofu ndani yake hakikuja kwetu na meli.

Bibi alikuwa akisimulia usiku, nasi tumemzunguka, na ngano ilipofika pabaya sauti yake ilishuka na mkono wake ulikuwa karibu. Hilo ndilo ninaloliomba kwa filamu hii. Huko Marekani ilitoka ikiwa na alama inayowataka wazazi wawaongoze watoto wao, na nadhani alama hiyo ni ya haki. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano mimi mwenyewe nisingeionyesha. Kwa aliyefika umri wa kuuliza maswali, akiwa na mtu mzima pembeni, ningeionyesha nzima.

Sasa niseme juu ya kazi ya mikono, kwa maana hapo nina uzoefu, na hapo ndipo makala yenu ilipita haraka mno. Mwandishi alisema kwamba kuchanganya watu halisi na michoro ni "mbinu ya kuvutia macho". Kuchanganya kwenyewe hakukuwa kupya. Mwaka 1945 Gene Kelly alicheza dansi na panya Jerry katika filamu ya Anchors Aweigh, na mwaka 1964 pengwini waliochorwa walicheza na Dick Van Dyke katika Mary Poppins. Lakini katika kazi za zamani, kwa kawaida kamera ilitulizwa mahali pamoja ili wachoraji wasipate tabu, na mtu na mchoro walikaa kama wageni wawili kwenye picha moja ya ukutani. Mwongozaji Robert Zemeckis na mkuu wa uchoraji Richard Williams, mzaliwa wa Toronto aliyefanya kazi zake London, waliamua kuivunja kanuni hiyo. Kamera ilitembea kama ambavyo ingetembea katika filamu yoyote ya upelelezi, vibonzo walishika vitu halisi, na mwanga uliomwangukia mtu uliwaangukia na wao.

Hebu fikiria maana yake, Ndugu Mhariri, kwa mtu anayechora kwa penseli. Kila sekunde ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Watu walipigwa picha kwanza, katika studio za Elstree kule Uingereza na katika mitaa ya Los Angeles, huku Hoskins akizungumza na hewa tupu. Kisha kila fremu ilitolewa katika karatasi kubwa, na mchoraji akamweka sungura juu yake, fremu baada ya fremu, hata kamera inapozunguka na ukubwa wa sungura kubadilika kila mara. Zaidi ya michoro 82,000 ilichorwa kwa mkono. Hakuna kompyuta iliyowachorea. Michoro hiyo ilipopakwa rangi, ilipelekwa kwa mafundi wa kampuni ya Industrial Light & Magic, waliokuwa chini ya Ken Ralston, nao wakaongeza tabaka za kivuli na za mng'ao moja baada ya nyingine, mpaka kibonzo bapa akawa na uvimbe wa mwili.

Lipo tukio moja ambalo nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Eddie na Roger wamefungwa pingu moja, wamejificha katika chumba cha nyuma cha baa, na Eddie anajaribu kuikata pingu kwa msumeno. Kichwa chake kinaigonga taa inayoning'inia darini, taa inaanza kupembea, na vivuli vya chumba kizima vinapembea nayo. Hakuna lolote katika hadithi lililohitaji taa ile igongwe. Ingeweza kutulia, na wachoraji wangepumzika. Kwa kuwa inapembea, mwanga na kivuli juu ya uso wa Roger vilibidi vibadilishwe katika kila mchoro, na walio wengi miongoni mwa watazamaji hawatagundua kamwe kwamba kazi hiyo ilifanyika. Wachoraji wa Disney baadaye waliligeuza tukio hilo kuwa msemo wao wa kazini, wenye maana ya kufanya kazi kwa ukamilifu zaidi ya ulioombwa.

Hiyo si mbinu ya kuvutia macho tu, kwa sababu bila kivuli kile hofu isingekuwapo. Tunamhurumia kiatu katika pipa kwa kuwa tangu mwanzo tumeshawishika, bila kuambiwa, kwamba vibonzo hawa wana uzito, wanazuia mwanga, na wanachukua nafasi chumbani. Pengwini wahudumu katika klabu ya usiku iliyomo kwenye filamu wanabeba sinia halisi, ambazo mafundi walizishikilia kutoka chini ya jukwaa lililoinuliwa makusudi. Charles Fleischer, aliyetoa sauti ya Roger, alivaa vazi la sungura na kusimama nje ya picha akimjibu Hoskins maneno kwa maneno, ili Hoskins awe na mtu wa kumkasirikia. Hoskins mwenyewe alieleza kwamba alijifunza kwa kumtazama binti yake mdogo akicheza na marafiki wasioonekana, na kwamba filamu ilipokwisha iliendelea kumsumbua kwa muda, akiona vibonzo mahali wasipokuwapo. Alifariki mwaka 2014, na kila nikimtazama akimkaba koo sungura ambaye hayupo, mishipa ya mkono ikiwa imesimama, naona kwamba hajapewa heshima inayolingana na kazi ile. Tuzo za Oscar zilikwenda kwa uhariri, kwa sauti na kwa ufundi wa picha, na Williams akapewa tuzo maalumu, Hoskins hakuteuliwa.

Katika klabu hiyo niliyoitaja kuna jambo lingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hataacha kuliona. Vibonzo wanaruhusiwa kuingia kupiga piano, kuimba, kuuza sigara na kubeba sinia, lakini wanaokaa mezani ni watu tu. Waliotunga walikuwa wakiitazama historia ya nchi yao, ambako klabu zilizojaza wanamuziki weusi jukwaani ziliwafungia weusi mlango wa wateja. Nasi wazee tunakumbuka hoteli na klabu za wakoloni ambazo Mwafrika aliziingia kwa mlango wa jikoni. Filamu haitoi hotuba juu ya jambo hilo. Inaliweka mbele yetu ndani ya kichekesho, mabata wawili wakishindana kwenye piano mpaka zinavunjika, na macho yetu yakizoea giza la ukumbi tunaona nani amekaa na nani amesimama. Je, tungeiita hiyo nayo kasoro, kwa kuwa inaharibu furaha ya mabata?

Nakuja kwenye tukio la pili lililokatwa, nikiomba radhi kwa ambao hawajaiona filamu, kwani siwezi kulijibu bila kulifichua. Jaji Doom anasagwa na mtambo wa kushindilia barabara, anakuwa bapa kama karatasi, kisha anainuka, anajijaza hewa, na macho yake ya bandia yanadondoka. Huyu aliyewaua vibonzo kwa jina la sheria ni kibonzo mwenyewe, na ndiye aliyemuua kaka yake Eddie. Sauti yake inageuka kuwa nyembamba na kali. Watoto wangu walipoiona mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, mmoja alisema palepale, "Ana kwato!" Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Tumekua na visa vya mgeni mtanashati, au mwanamke mzuri wa njiani usiku, ambaye kila kitu chake ni cha binadamu mpaka mtu anapoinamisha macho na kuona miguu. Ndiyo hofu ya zamani kuliko zote, ya kwamba anayekaa katika kiti cha hukumu si yule tuliyedhani, na filamu hii imeivika nguo za katuni bila kuipunguza hata kidogo.

Mwandishi wenu pia hakuligusa lile ambalo lingeweza kuivunja hoja yake yote, yaani kifo cha vicheche. Askari wa Jaji Doom ni vicheche waliochorwa, nao wana ugonjwa mmoja, kwamba wakicheka kupita kiasi wanakufa. Roger na mkewe Jessica wamening'inizwa mbele ya mtambo unaorusha ile dawa, na Eddie hana silaha. Anachofanya mlevi huyu aliyekuwa hajacheka kwa miaka, ambaye picha ya zamani ofisini kwake inaonyesha kwamba yeye na kaka yake waliwahi kuwa wachekeshaji wa sarakasi, ni kuanza kuimba upuuzi, kujiangusha na kujigonga mpaka vicheche wanaanguka mmoja mmoja kwa kicheko. Tukio hilo linatuchekesha, ni la vifo, na ndipo mtu anapofufuka moyoni kwa wakati uleule. Sijui unaweza kukata wapi hapo ukaacha upande mmoja mzima. Kituo cha televisheni hakikukata, nadhani kwa sababu aliyeshika mkasi alimwona Eddie akicheza tu.

Nimesikia pia hoja kwamba filamu za namna hii hazina soko, kwa kuwa wakubwa hawatazami michoro na watoto wanaogopa. Filamu hii iligharimu zaidi ya dola milioni 50, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 320 duniani. Mwaka 2016 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Nayataja hayo kwa ajili ya vijana wetu wanaochora katuni Dar es Salaam na Nairobi, ambao nimewahi kuzungumza na baadhi yao, na ambao huambiwa na kila mwenye fedha kwamba wachore wanyama wanaofundisha kunawa mikono. Kunawa mikono ni jambo jema. Lakini mazimwi yetu na majini yetu yanangoja mtu wa kuyachorea kivuli, na kijana hatathubutu ikiwa magazeti yetu yatamwambia kwamba kutisha ni kupotea njia.

Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha mjukuu wangu filamu nzima kutoka kwenye nakala yangu, jioni, taa ikiwa imewashwa. Kiatu kilipoanza kulia alinibana mkono akanyamaza. Alicheka zaidi kuliko ile Jumapili, hasa Roger alipotoa mkono wake kwenye pingu kwa urahisi na kusema kwamba angeweza kufanya hivyo tu wakati inachekesha. Alipokuwa akienda kulala aliniuliza kama kile kiatu kilikuwa na mwenzake, na mwenzake yuko wapi.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Ratiba yenu ya vipindi iache kutumia neno "katuni" kama jina la umri, na filamu kama hii iandikwe wazi kwamba ni vichekesho vyenye matukio ya kutisha, inayofaa kutazamwa na watoto wakubwa wakiwa na wazazi wao. Na kama kuna mtu wa kituo kile anayesoma ukurasa huu, namwomba airudishe filamu hiyo nzima, saa mbili za usiku, baada ya taarifa ya habari.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.